Moshi Uliotokea Mbele ya Gari

Nakumbuka asubuhi moja ya mwisho wa masika, mwanangu, ukungu wa Ufipa ukiwa bado umelala juu ya mashamba, nami nimesimama mbele ya Landrova iliyofunuliwa boneti. Nilikuwa najiuliza swali ambalo nimeendelea kujiuliza kwa sura nyingi hadi umri huu: kwa nini kitu kianze vizuri, kisha kikome papo hapo?

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nangoja kwenda jeshini na baadaye chuo kikuu, na kwa miezi hiyo ya kungoja nilipewa kazi ya kumfasiria Bwana Mifugo. Huyu alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka, ambaye Kifipa kilimshinda kabisa. Tulikuwa tumebeba kasha la chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Ugonjwa ulikuwa umeonekana upande wa ziwani, na chanjo ile ilitaka baridi. Barafu tuliyopewa Sumbawanga ingetufikisha hadi mchana wa siku hiyo, si zaidi.

Tuliyekuwa tunamwendea ni baba yangu mzazi. Alikuwa mjumbe wa halmashauri katika kijiji chetu, mbele kidogo kwenye njia ya Matai, na alikuwa amewashawishi watu wakusanye maksai wao wote katika zizi moja. Usidhani lilikuwa jambo jepesi. Wako waliosema sindano huua, na wako waliosema ng'ombe wakishakusanywa hawarudi, wamekuwa wa serikali. Baba aliwaahidi kwamba gari litafika asubuhi hiyo. Kama tusingefika, watu wangetawanyika na maksai waliolala pamoja, wazima na wagonjwa, bila chanjo. Na neno la baba lisingesikilizwa tena pale kijijini.

Jioni iliyotangulia mvua ilitulazimisha kulala katika kijiji kilichokuwa nusu ya njia. Mimi nilitangulia ofisi ya kijiji kuomba mahali pa kulala. Dereva wetu, Fulgensi, ambaye naye hakukijua Kifipa, alibaki nje na Bwana Mifugo ili aligeuze gari litazame barabara. Kulipokucha, vijana wa pale walilisukuma kutoka matopeni hadi barabarani. Fulgensi akaliwasha. Injini ikaitika mara moja, ikanguruma kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kuishusha, ikazima. Akaliwasha tena. Ikawa vilevile.

"Limekataa," kijana mmoja akasema.

"Halijakataa," Fulgensi akamjibu. "Lililokataa haliwaki. Hili linakubali, halafu linaghairi."

Nilimuuliza tofauti ni nini. Alipenda kuulizwa, akanieleza huku mikono yake ikiwa tayari kwenye injini. Gari lisilowaka kabisa, alisema, halijakuambia kitu. Lililowaka limekwisha kukuambia mengi: betri ina nguvu, stata inazungusha, cheche inaruka, na petroli, walau tone, imefika. Kwa hiyo usilitafute jambo la kuliwasha. Tafuta jambo linalolinyima kuendelea. Nilidhani ni maelezo mazuri, na hadi leo nadhani hivyo.

Akaanza na petroli. Alifungua kibakuli cha kioo ambamo uchafu hutuama, akakimwaga, akatazama kama mvua ilikuwa imeingiza maji. Petroli ilikuwa safi. Akapuliza mrija, akafungua kabureta, akaifuta kwa kitambaa na kuirudisha. Gari likawaka, likazima. Akatoa plagi moja moja, akazikwangua. Likawaka, likazima. Akaacha stata, akachukua hendeli ili asimalize betri, na vijana wakapokezana kuizungusha kwa furaha ya watu ambao safari si yao.

"Labda limesikia habari za sindano," mmoja wao akasema. "Nalo linaogopa."

Bwana Mifugo hakucheka. Alikuwa akifunua kasha, akatazama, akafunika, kisha akafunua tena.

"Ukilifungua kila mara barafu itakwisha, mkubwa," Fulgensi akamwambia.

"Naangalia tu."

"Hata jua linaangalia tu."

Nilijaribu kufikiri kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Kama gari lilikuwa zima jana na leo ni bovu, basi kuna jambo limetokea kati ya jana na leo. Nikamuuliza Fulgensi kama jioni ile liligonga chochote. Akamtazama Bwana Mifugo. Bwana Mifugo akatazama kasha lake.

"Hapana," Fulgensi akasema. "Liligeuka tu."

Kisha akafungua chombo cha kuchujia hewa, akaniambia nisogeze kiganja kwenye mdomo wa kabureta, nimweleze kama gari linavuta pumzi. Likawashwa. Nilisikia hewa ikivutwa chini ya kiganja changu, barabara kabisa. Halafu kabla halijazima, hewa ileile ikarudi na kunisukuma, na utepe wa moshi ukapita katikati ya vidole vyangu. Tulirudia. Moshi ukatoka tena palepale.

"Mbona moshi unatokea huku mbele?" nikauliza. "Huku si kwa kuingia?"

"Linapiga chafya," akasema. "Kabureta hufanya hivyo."

Jibu halikuniridhisha. Ndipo alipokuja Mama Yustina.

Alikuwa balozi wa nyumba kumi katika kijiji kile, mama wa makamo, jembe begani, kanga imefungwa kwa kazi. Tulimwamkia, akaitikia marahaba yake bila kutazama uso wa mtu, na palepale akaanza kusema kwa Kifipa. Alitaka kujua nani ameharibu matuta ya shamba la kijiji.

Hapa sharti nikueleze jambo, kwa kuwa ninyi mmekulia mjini. Sisi Wafipa hatutupi nyasi za shamba. Masika yanapoelekea kwisha tunaligeuza gamba la ardhi pamoja na nyasi zake, tunalirundika liwe vilima vya mviringo, ndiyo matuta yetu, kimoja karibu na kingine shamba zima, nyasi zioze ndani na kuwa mbolea ya ulezi wa msimu unaofuata. Ni kazi ya mgongo. Na shamba lile lilikuwa la kijiji; kila tuta lilikuwa na jasho la nyumba fulani iliyokuja zamu. Aliyeliharibu aliitwa mbele ya halmashauri. Sasa nikaelewa kwa nini Fulgensi alimtazama Bwana Mifugo nilipouliza kama gari liligonga kitu. Sikuwahukumu wakati ule wala sasa. Wageni katika kijiji cha watu, wenye haraka, wakaona ni udongo tu, utarudi wenyewe.

Bwana Mifugo aliisoma hasira ile bila kuhitaji mfasiri. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie tumesikia. Tutazungumza siku nyingine, leo tuna haraka."

Mwanangu, kazi yangu ilikuwa kufasiri sentensi hiyo, na ningeifasiri, mama yule angeondoka na hasira yake, na sisi tungebaki na hendeli yetu. Lakini lile swali la moshi lilikuwa bado linaniwasha. Badala ya kumjibu, nikamuuliza matuta yameharibiwa namna gani.

"Moja limebomoka ubavu," akasema. "Hilo sina neno nalo. La pili ndilo sielewi. Limesimama zima, lakini lina tundu. Tundu la mviringo, limeingia ndani, kama mtu amechomeka mchi na kuuchomoa. Nani amekuja kutwanga katika shamba letu?"

Nikamfasiria Fulgensi neno kwa neno, pamoja na mchi. Aliacha hendeli ikining'inia. Akazunguka nyuma ya gari, akalala chali matopeni na kuingiza mkono chini.

"Udongo uliotoka kwenye tundu la mama uko huku," akasema. "Wote."

Bomba la kutolea moshi lilikuwa limeshindiliwa udongo mbichi na mizizi ya nyasi, umbali wa kiganja na zaidi. Chini ya gari palikuwa na matope kila mahali, na mdomo wa bomba ulifanana na matope mengine. Jioni ile, Fulgensi akakiri, alipokuwa akirudi nyuma gizagiza, bomba lilizama ndani ya tuta, injini ikazima, naye hakushangaa kwa sababu alikuwa karibu kuizima mwenyewe. Tangu alfajiri tulikuwa tunachunguza kinachoingia. Moto uliwaka, ukajaza moshi, moshi ukakosa pa kutokea, ukarudi kutafuta mlango mbele, mpaka kwenye kiganja changu.

Alichokonoa kwa bisibisi hadi bonge likalegea, kisha akaagiza gari liwashwe. Likakohoa, bonge likaruka na kuanguka barabarani na majani yake, na injini ikaendelea kunguruma. Tulikuwa tunasikiliza kama itaghairi.

"Sasa matuta," Mama Yustina akasema.

Bwana Mifugo akaapa kwamba tutarudi jioni kuyarekebisha. Mama akamtazama toka juu hadi chini, akaniambia nimuulize kama watu wa serikali huwa wanarudi. Nikamuuliza.

"Mwambie mimi narudi."

"Basi aache kofia."

Akaiacha. Na jioni tulirudi, nami niliona mtumishi wa serikali akihenyeka na jembe la kukopa huku akina mama wakimzunguka. "Hilo si tuta, Bwana Mifugo," walimwambia, "hilo ni kaburi la kuku." Na mwingine, "Msameheni, kwao ndizi hazitaki jembe." Alicheka pamoja nao, akarundika upya, na kofia yake akarudishiwa.

Lakini asubuhi hiyo tulifika zizini barafu ikiwa imebaki vipande vya kuhesabika. Baba alikuwa amesimama langoni, mgongo umeegemea magogo, akizungumza taratibu na watu waliotaka kufungua. Wengi walikuwa wamemsubiri. Maksai wao walichanjwa wote, na homa ilipopita kwetu kiangazi kile, hawakuugua. Ila jirani yetu mmoja, mzee aliyetuamini kidogo kuliko wengine, alikuwa ameondoka na maksai wake muda mfupi kabla hatujatokea. Tuliona alama za kwato zao njiani. Kiangazi hakikuisha kabla hajawapoteza. Msimu uliofuata alilima kwa jembe la mkono, yeye na mkewe, nami nilipita kumwamkia nikiwa njiani kwenda jeshini. Hakulaumu. Aliuliza tu, "Siku ile mlichelewa wapi?" Nikamweleza habari ya tuta na bomba. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo yule mama alikuwa na jibu lenu tangu alfajiri, na ninyi mlikuwa mnaomba asiwaone."

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, mwanangu, na nimeona mambo mengi yakiwaka na kuzima: ndoa, miradi ya vijiji vyetu, hata masomo ya watu wenye akili. Kila mara watu hukimbilia kuongeza kinachoingia, fedha zaidi, maneno zaidi, bidii zaidi. Kwa hiyo nakuomba: jambo lako likianza kisha likakoma, usikasirike upesi. Shukuru kwamba limeanza, maana limekwisha kukuambia mengi, halafu zunguka nyuma ukatazame kama kuna kilichokosa pa kutokea. Ulichokiharibu kwa bahati mbaya kiseme mapema, hata kama ni udongo tu. Na mtu akikujia na lalamiko, mwulize kwanza ameona nini kabla hujatafuta namna ya kumwondoa. Huenda anakuletea nusu ya jambo ambalo nusu yake nyingine unayo mkononi na huielewi.

Mungu akupe macho yasiyochoka kuuliza, na subira ya kusikiliza jibu lisemwalo kwa hasira. Akukutanishe na watu wakweli njiani, na wale wanaokungoja awape moyo wa kungoja mpaka ufike.