Surutia za Naipanoi

Naipanoi alizaliwa upande wa magharibi wa Mlima Meru, Wajerumani walipokuwa bado hawajajenga boma lao Arusha. Alikua nyuma ya ndama wa baba yake, mzee Lesikar, na alipotimiza umri akaolewa na Saruni, kijana mrefu, mcheshi, ambaye watu walisema angeweza kunusa mvua ikiwa bado iko nyuma ya mlima.

Siku ya harusi, mama mkwe wake, Namnyaki, alimtundikia masikioni surutia mbili. Hizo ni nyaya za shaba zilizozungushwa na kuzungushwa tena, hata kila moja ikawa mfano wa nyumba ya konokono.

"Hizi ni pumzi za mwanangu," alimwambia. "Akiwa hai, ziko masikioni mwako. Zikitoka, kila mtu atajua kwamba umefiwa."

Desturi hiyo haikuwa na kwa nini. Mjane huvua, mwenye mume havui, hata sikio likimuuma. Na zikitoka kwa bahati mbaya, havai kwa mkono wake. Huvishwa na mwanamke ambaye mume wake yu hai, na huyo anayemvisha lazima naye awe amevaa za kwake.

Naipanoi hakupata shida na desturi hiyo mpaka kiangazi walichokuja Bwana Andasi na mke wake.

Walitoka Uswidi, nchi ambayo huyo mke, Bibi Sigiridi, alisema maji yake huganda mpaka watu wakatembea juu yake. Saruni alicheka habari hiyo siku nzima. Hawakuja kulima kahawa wala kuhubiri. Walikuja na sanduku la mbao lenye jicho moja na miguu mitatu, wakatafuta wanyama wapi wanakunywa, wapi wanalala. Bibi Sigiridi alizungusha mpini ubavuni mwa sanduku, na sanduku likala picha za wanyama wakiwa wanatembea. Walikuwa wamekwisha fanya hivyo katika nchi za barafu na nchi za misitu, wawili hao, tangu waoane. Nyumba hawakuwa nayo. Nyumba yao ilikuwa hema, na ng'ombe wao, kama alivyosema Saruni, walikuwa wa watu wote.

Bwana alimtaka Saruni kwa sababu ya pua yake inayojua upepo. Bibi akamtaka Naipanoi, kwanza awapikie, kisha awe mwanamke wa pili kambini, kwa maana alichoka kuongea na wanaume peke yao. Simel, mtoto wa Naipanoi na Saruni, aliyekuwa ameanza kutembea, walimwachia Namnyaki. Wakaenda kupiga kambi upande wa kaskazini, Oldonyo Sambu, mahali mlima unaposhuka kuwa tambarare na kijito cha mwisho kinapofia kwenye dimbwi.

Bibi alizungumza Kiswahili cha kujifunza melini, Naipanoi cha kujifunza sokoni, na katikati ya hivyo viwili walielewana vizuri kabisa. Siku moja Bibi alikuwa akiosha picha zake kwa dawa kali, kando ya kijito, ndani ya kihema cheusi. Kabla ya kuingia alivua pete yake ya ndoa akaitia mfukoni.

Naipanoi aliachia ndoo. "Bibi! Bwana amekufa?"

"Nani amesema? Yuko hemani, anakoroma. Husikii?"

"Mbona umevua?"

"Dawa inaharibu dhahabu. Nikimaliza, navaa."

"Na yeye hakasiriki?"

"Hajui hata kama nimevua," alisema Bibi akicheka.

Naipanoi aliokota ndoo yake. Alishangaa jinsi watu wengine wanavyoichezea roho ya mume kama kifungo cha shati.

Kazi iliyomtoa jikoni ilianzia kwenye kibuyu. Bibi alikuwa na kasoro moja: mnyama akikaribia, moyo wake ulienda mbio na mkono ukaufuata moyo, na picha zikatoka zikirukaruka. Asubuhi moja alimkuta Naipanoi amepakata kibuyu akisukasuka maziwa, akiimba wimbo ambao wanawake wa kwao huuimba ili mkono usichoke wala usiharakishe. Kwa Kiswahili ungesema hivi:

*Tulia, maziwa, tulia,*
*siagi haina haraka;*
*ng'ombe yuko malishoni,*
*na mwenyewe atarudi.*

Bibi alisimama akizungusha mkono hewani kwa kuufuata wimbo. Tangu siku hiyo, Naipanoi alikaa naye ndani ya kibanda cha nyasi kando ya dimbwi, akiimba kwa sauti ya chini sikioni mwake, na mpini ukazunguka kama kibuyu kinavyokwenda na kurudi.

Ilibaki picha moja tu. Bibi alimtaka twiga anapokunywa, anapopanua miguu ya mbele na kuishusha shingo ile ndefu kama mtu mkubwa anayeokota sindano. Wakiipata hiyo, safari imekwisha, kila mtu kwake. Lakini twiga walikuja, wakasimama mbali, wakakitazama kibanda, wakageuka. Kesho yake vilevile, na siku iliyofuata.

Saruni alikuwa akiangalia kutoka kwenye kichaka upande wa pili. "Kuna kitu kinamulika humo ndani," alisema jioni wakila. "Jua likipenya kwenye nyasi, kinawaka kama jicho la chui. Mimi ningekuwa twiga, ningekimbia pia."

"Wewe ni twiga tayari," alisema Naipanoi. "Tazama shingo."

Waliangua kicheko, ila Bibi. Yeye alikuwa akimtazama Naipanoi masikioni.

Asubuhi, wanaume walipokuwa wamekwisha kwenda kichakani, wanawake hao wawili wakiwa kibandani, Bibi alisema, "Ni shaba zako. Zivue kidogo tu. Twiga akinywa, unavaa."

"Havivuliwi hivi vitu, Bibi."

"Kama pete yangu tu. Utavaa."

Naipanoi aliwaza mambo mawili. Aliwaza Simel, ambaye pengine alikuwa amekwisha sahau harufu ya mama yake. Na aliwaza ile pete inavyoingia na kutoka mfukoni, na Bwana anavyoendelea kukoroma. Kule nyuma ya miti, twiga walikuwa wameanza kuja. Aliinua mikono, akazitoa surutia, moja, ya pili, na Bibi akazipokea kwa kitambaa na kuzilaza kwenye kisanduku cha bati.

Masikio yalikuwa mepesi hata yakamtia hofu.

Twiga wakaja. Safari hii hawakusita. Mkubwa wao alifika ukingoni, akapanua miguu, akajikaza, akaipanua tena, na shingo ikashuka taratibu mpaka midomo ikagusa kivuli chake majini. Naipanoi aliimba. Mpini ulizunguka. Bibi alikuwa analia huku akitabasamu, na mkono wake haukuharakisha hata mara moja.

Ndipo bunduki ikalia.

Ulikuwa mlio mmoja, kutoka upande wa kichaka. Twiga waliondoka kama msitu uliong'olewa. Kisha kimya.

Walipokimbia kutoka kibandani walimwona Bwana Andasi akija peke yake, hana kofia, suruali imechanika gotini, anachechemea. Bibi alimrukia shingoni. Naipanoi alitazama nyuma ya bega lake. Hapakuwa na mtu.

"Faru," alisema Bwana, akitweta. "Alitoka nyuma yetu. Upepo uligeuka. Nilipiga juu kumtisha, Saruni akaenda huku, mimi huku. Faru akamfuata yeye."

"Amempata?"

"Sikuona, Naipanoi. Sikuona."

Naipanoi aliketi chini. Mikono yake ilipanda yenyewe masikioni, ikakuta matundu matupu.

"Nimemuua," alisema.

"Hujamuua," alisema Bibi. "Mimi nilivua pete mara nyingi, na mume wangu huyu hapa."

"Pete yako haijui desturi, Bibi. Hizi zinajua."

Bibi alikimbia akaleta kile kisanduku cha bati. "Basi vaa! Vaa sasa hivi!"

Naipanoi alizitazama zikimeta juu ya kitambaa, asizishike. Angekaa bila kuvaa, angekuwa anamwambia Mungu na mlima na watu wote kwamba Saruni hayupo. Angezitia mwenyewe, angekuwa anavunja desturi mara ya pili siku ileile, na ya kwanza ilikuwa imetosha. Namnyaki alikuwa mbali, mwendo wa kutwa nzima. Alitakiwa mwanamke ambaye mume wake yu hai.

Akainua macho. Mbele yake alisimama Bibi, uso mwekundu kwa machozi, na nyuma yake Bwana akijifuta damu gotini.

"Bibi," alisema polepole, "pete yako iko wapi?"

Bibi aliingiza mkono mfukoni. Ilikuwemo, tangu alipoosha picha jana.

"Ivae."

Bibi akaivaa.

"Ng'oa nyasi. Mbichi, hizo za ukingoni. Zishike. Sasa nitemee mate kidogo hapa kwenye paji la uso."

"Nikutemee mate?"

"Ndiyo baraka yetu. Kidogo, Bibi, si kama mvua."

Bwana Andasi aliacha kujifuta goti. Bibi Sigiridi, aliyelelewa kwenye nyumba yenye vikombe vya dhahabu, alimtemea mwenzake mate kidogo kwenye paji la uso, akashika nyasi mbichi katika mkono wenye pete, na akamrudishia surutia. Moja. Ya pili.

"Sasa yu hai," alisema Naipanoi akisimama. "Twende tukamchukue."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayekwenda kumchukua ng'ombe zizini. Walitembea wakifuata nyayo, Bwana mbele na bunduki, Bibi nyuma akiwa amebeba sanduku lake, maana hakuwahi kuliacha popote. Nyayo za faru zilikuwa nzito, zimechimba. Za Saruni zilikuwa zimeachana sana, za mtu anayeruka kuliko anayekimbia. Damu hawakuiona. Kisha wakafika kwenye mawe, na nyayo zikapotea.

Naipanoi alifanya alichojua. Alipaza sauti akaimba, kwa nguvu safari hii, wimbo wa siagi:

*Ng'ombe yuko malishoni,*
*na mwenyewe atarudi!*

"Nyamaza, mama Simel!" sauti ilijibu kutoka juu, ya kunong'ona lakini yenye hasira. "Unamwamsha!"

Alikuwa juu ya mgunga. Alikuwa amekumbatia tawi kama nyani mchanga, shuka yake imebaki vipande kwenye miiba, na chini kabisa ya mti, kwenye kivuli, faru alikuwa amelala.

Naipanoi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, vikagongana kooni ikatoka kwikwi. Faru akaamka. Aligeuza sikio moja, kisha la pili. Bwana aliinua bunduki. Faru akapuliza vumbi, akawageuzia mgongo, akaondoka mwendo wa mzee aliyeharibiwa usingizi na wajukuu.

"Shuka," alisema Naipanoi.

"Siwezi. Miiba iko hata mahali ambapo sitakuambia mbele ya Bibi."

"Ulipandaje?"

"Sijui. Nilikuta nimefika."

Nyuma yao kulisikika mlio mdogo, wa mashine. Bibi alikuwa ameitega miguu mitatu ya sanduku, na alikuwa anazungusha mpini, na machozi yalikuwa yanamtiririka, na mkono haukuharakisha.

Waliporudi nyumbani, Naipanoi hakuweza kumficha mama mkwe wake. Alimpokea Simel mgongoni, akamng'ang'ania mpaka mtoto akalalamika, kisha akapiga magoti akasema yote: kuvua, bunduki, Bibi, mate, nyasi. Alingoja hukumu.

Namnyaki alimzunguka. Alizipima surutia kwa kidole, akaona zimekaa sawa.

"Yule mzungu alikuwa na mume hai?"

"Ndiyo, yeyo," alisema, kwa maana hivyo ndivyo kwao humwita mama. "Alikuwa ametoka kwenye faru sasa hivi."

"Na yeye mwenyewe alikuwa amevaa cha kwake?"

"Alivaa kwanza."

"Basi zimefungwa vizuri. Hata mimi nisingefunga zaidi." Kisha bibi kizee akakunja uso. "Ila niambie kitu kimoja, mwanangu. Zilikuwa zinamulika, sivyo?"

"Ndiyo, yeyo."

"Na mlikuwa mmekaa kando ya dimbwi."

"Ndiyo."

"Kwani matope yalikuwa yameisha duniani?"

Saruni, aliyekuwa amelala kifudifudi huku dada yake akimtoa miiba, ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaumia, akacheka tena. Naipanoi alijishika kichwa. Wanawake wawili wazima, wamekanyaga matope kutwa, hakuna aliyefikiria kuyapaka.

Mwaka uliofuata Bwana na Bibi walirudi, wakatundika shuka nyeupe ukutani mwa nyumba ya mfanyabiashara mmoja mjini, madirisha yakazibwa, watu wakajaa. Twiga alishuka kunywa, taratibu, kwa mwendo wa siagi. Kisha akatokea Saruni juu ya mgunga, na watu walipiga kelele wakamwita kila jina la nyani wanalolijua.

Naipanoi alisimama nyuma, Simel mgongoni. Giza lilikuwa jema. Surutia hazikumulika mtu. Mbele, Bibi aligeuka kumtafuta, akainua mkono juu. Pete ilikuwa kidoleni.

"Akiosha picha siku hizi anafanyaje?" Saruni alinong'ona.

"Anaipaka mafuta mazito, haivui," alisema Naipanoi. "Nilimwambia mimi."