Mzee wa Pangoni Asiyeitikia Salamu

"Mbona hukuinuka?" Kusum aliniuliza tukiwa kwenye garimoshi la kurudi Bombay, na mimi, mwenye jibu la kila kitu mpaka walimu walinikwepa, nikaanza kuhesabu miti dirishani. Mnaoniona nikibishana na watu mnadhani sijawahi kuumbuka. Nimeumbuka, tena mbele ya umati na kamera.

Nilikuwa nikisoma chuo kikuu kule, binti Mwislamu kutoka Shinyanga, na ruhusa niliipata kwa taabu, maana majirani walimwonya baba kwamba nitarudi nikiabudu mawe, naye akaniambia mbele yao, "Siku nikijua umelipigia jiwe magoti, unarudi nyumbani kwa meli ya kwanza." Nikaapa. (Kuapa kulikuwa rahisi, mimi hata vitu vilivyo hai nilivitilia shaka.) Kusum, ambaye duka la wazazi wake lilipakana na la baba, alisoma chuo hichohicho, na ndiye aliyenishawishi tufuatane na profesa wetu kuyaona mahekalu ya kale ya Wahindu yaliyochongwa ndani ya mlima.

"Nakuja kuangalia patasi ilivyofanya kazi," nilimwambia njiani. "Siinami hata mlango ukiwa mfupi."

Tulipofika niliupapasa ukuta kwa viganja vyote viwili, nakiri. Mjomba wangu alichimba dhahabu Geita, na huko nilizoea kuona watu wakivunja mwamba ili watoe kitu, wakaacha shimo; hawa walivunja mwamba wakaacha nyumba, na nguzo zake hazikusimamishwa na mtu, zilibakizwa tu, na ukutani wachezaji wa mawe wamepinda viuno utadhani ngoma bado inalia.

Kwenye pango la pili profesa akasema, "Subirini macho yazoee giza." Mimi nikaamua kutosubiri (nani kasema macho yangu ni sawa na yake?), nikaingia peke yangu kutoka kwenye jua kali. Kushoto, hatua chache kutoka mlangoni, nikamwona mzee amesimama, ameegemea rungu lake, kichwa kimeinama kidogo, vilevile kama wazee wa Didia, kijijini kwa mama yangu, wanavyosimama wakiangalia ng'ombe. Nikafanya anachofanya binti yeyote aliyelelewa na bibi Msukuma: nikapiga magoti, nikapiga makofi taratibu, nikasema, "Mwangaluka, guku." Habari za asubuhi, babu.

Guku kimya.

Sasa, kwa bibi yangu binti hainuki mpaka mkubwa aitikie, kwa hiyo nikaona labda mzee wa watu hasikii, nikapaza sauti, "Mwangaluka, guku!" na makofi nikazidisha, na nyuma yangu mahujaji waliokuwa wakiingia wakasimama, na bibi mmoja mwenye sari nyeupe akapiga magoti kando yangu, kisha wengine, mpaka mlango ukaziba, na mtu akanivika shada la maua, nami nikawaza, watu hawa wana adabu, nao wanamsalimu mzee. Nikaendelea: "Guku, ng'ombe hawajambo?"

Hapo mpiga picha wa profesa, aliyekuwa ameshatega kamera yake, akawasha unga wake wa kumulikia picha. Pango lote likawa jeupe. Guku alikuwa na mikono minne na hana pua.

"Mwajuma wee," Kusum alisema kutoka mlangoni, kicheko kimembana, "huyo hatakuitikia leo."

"Basi nitamngoja mpaka kesho!" nikamjibu kwa kujikakamua, nikainuka kwa fahari, lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikaanguka kifudifudi kwenye vidole vya jiwe, na mahujaji wote, kwa heshima kubwa, wakainamisha vichwa pamoja nami.

Kusum akaituma picha ile nyumbani kwao. "Lakini umetoka vizuri!" alijitetea nilipomfokea. Nikafunga sanduku langu, nikasubiri kuitwa. Salamu za baba zilipofika kupitia kwa wazazi wa Kusum, zilikuwa fupi: "Picha nimeiona. Soma." Nikasoma, nikarudi na shahada, naye hakuitaja picha hata siku moja, wala mimi sikuthubutu.

Tangu hapo sitoki juani nikaingia gizani bila kusimama mlangoni kwanza; hilo niliapa na nimelishika. Magoti yale siyajutii. Kichwa changu kilidai ushahidi wa kila kitu, lakini magoti yalimtambua mzee kabla sijauliza swali, na najivunia walioyafundisha.

Baba alikuwa ameshafariki miaka mingi nyuma, mama yake Kusum aliponieleza kwamba muda wote nilipokuwa masomoni picha ile ilitundikwa dukani kwa baba, juu ya marobota ya kaniki, na kila mteja aliyeuliza aliambiwa, "Huyo ni profesa wa binti yangu. Mzee sana, masikio yamechoka."

"Na hiyo mikono minne, Baba Mwajuma?"

"Huko wanaandika sana."