Mirathi Nyuma ya Pazia

Nina ugonjwa mmoja: nikiona karatasi imebandikwa ukutani, sipiti bila kuisoma. Niliupata kazini. Nilikuwa karani wa mahakama miaka mingi, na moja ya kazi zangu ilikuwa kubandika matangazo ambayo, Mungu anisamehe, sijawahi kumwona mtu akiyasoma. Mbuzi nilimwona, akila moja.

Nilipostaafu nikasomea usaidizi wa kisheria, nikaweka meza kwenye baraza ya duka la jirani yangu hapa Mtanda. Anayetaka kujua sheria inasemaje aje, aulize, bure. Hilo la bure watu hawakuliamini. Wengine walinunua sukari kwanza dukani ndipo wakaniuliza, ili dhamiri isiwasute. Niliandika pia vikaratasi, Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja kwa kila jambo. Cha mirathi nilikipenda kuliko vyote. Nilikuwa nikikisoma peke yangu na kujisifu.

Asubuhi moja akaja binti kutoka Rutamba, kikaratasi changu cha mirathi mkononi, kimekunjwa mara nne.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Kimekusaidia hicho?"

"Hapana."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Hapana vipi? Akanieleza taratibu. Baba yake alifariki, na mama yake yuko ndani, amekaa eda. Ukoo ulifanya kikao ukamchagua baba yake mdogo kuwa msimamizi wa mirathi, na mahakama ikampa hati. Sasa baba mdogo amepata mteja wa nyumba na shamba la mikorosho. Mama ameshaanza kufungasha, eda ikiisha arudi kwao Kiranjeranje.

"Nimemsomea karatasi yako mara mbili, babu. Anasema ndiyo hivyo hivyo, msimamizi ndiye mwenye mali."

Kwenye kikaratasi nilikuwa nimeandika: "Msimamizi wa mirathi atatekeleza majukumu yake kwa manufaa ya warithi halali." Nikaisoma tena pale mezani, kwa sauti. Ilisikika vizuri tu! Hasira ikapoa, udadisi ukapanda. Sentensi nzuri namna hii inapotelea wapi kati ya Mtanda na Rutamba? Kesho yake nikapanda bodaboda kwenda kuona.

Mwanamke aliye kwenye eda haonani na mwanamume wa kando, hilo nilijua. Nikawekewa kigoda sebuleni, mbele ya mlango wa chumba wenye pazia. Mjane alikuwa ndani na binti yake. Huku nje, kwenye mkeka, alikaa mama mkwe wake, mwanamke aliyemzaa marehemu na akamzaa huyo msimamizi. Msimamizi mwenyewe akaingia, hati yake imo kwenye mfuko wa nailoni, akaniamkia kwa adabu. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na dhalimu, nikakuta mtu aliyepiga pasi shati ili aje kunionyesha hati.

"Mahakama imenipa, mzee," akasema. "Muhuri huu hapa."

Nikaanza kueleza. Majukumu, manufaa, warithi halali. Mama mkwe akaninyooshea kiganja nisubiri, akageukia pazia, akasema kwa Kimwera maneno kama matano, sita hivi. Nikamsikia mjane akishusha pumzi.

"Kweli?" akauliza.

Na mimi nilikuwa nimeongea robo saa nzima! "Mama, umemwambia nini?"

"Nimemwambia shemeji yake kapewa upawa, hakupewa chungu."

Nilicheka peke yangu kama mwehu, nikatoa kalamu, nikayaandika maneno yake nimeegemeza karatasi kwenye goti. "Ndiyo hivyo hasa, mama. Kazi yake ni kupakua. Kila mrithi apate sahani yake, kisha yeye arudi mahakamani aeleze alivyopakua. Mjane ana sahani, watoto wana sahani."

"Na mie?" akauliza upesi. "Mie niliyemzaa?"

"Na wewe unayo, mama."

"Alaa!" Akamgeukia mwanawe. "Kwa hiyo na sahani yangu umeshaitafutia mteja?"

Msimamizi aliikunjua hati, akaiangalia upande huu na upande wa pili, jasho linamtoka. "Wallahi sikujua. Karani alinipa, akasema tia sahihi hapa, haya, mwingine. Mbona hakuniambia?"

Karani huyo hakuwa mimi, ila nilimjua vizuri. Tia sahihi hapa, haya, mwingine: hayo yalikuwa maneno yangu miaka yote, neno kwa neno. Foleni ni ndefu, jua kali, nani ana muda wa kueleza? Niliwapa wangapi upawa wakaondoka wakidhani wamebeba chungu? Na wajane wao walifungasha wakaenda wapi? Niliona aibu, nikabaki kuangalia viatu vyangu.

"Haya," mama akamwambia mwanawe. "Mpigie simu huyo mteja. Sasa hivi, nikisikia."

Akapiga. Akasema mali bado ni ya watu wengi, akaomba radhi, akakata. Kisha nyuma ya pazia nikasikia zipu ya begi ikifunguliwa, na mjane akimwambia binti yake arudishe nguo kabatini, aanze na zile za kwendea shamba.