Vidonge vya Kule kwa Mama Mdogo

Mdogo wake mama aliolewa ng'ambo, Kenya, na tangu magoti yaanze kumsumbua hakuja tena kijijini kwetu Kewanja, upande huu wa mpaka. Alikuwa akituma vifurushi kupitia watu wa bodaboda: majani ya chai, sabuni, na vidonge vya maumivu. Mama alivithamini vidonge kuliko vyote. Kichwa kikimuuma anameza cha Kenya, kisha anakaa akiongea na mdogo wake kana kwamba yumo chumbani. Nilikuwa namcheka. Leo mama hayupo, na natamani nimsikie akiongea peke yake hata mara moja.

Mwaka mmoja jembe lilimkata mguu, kidonda kikatunga usaha. Zahanati wakampa amoksilini ya kidonda na panadol ya maumivu. Nikamwandikia saa za kumeza kwenye boksi, nikajiona nimemaliza kazi. Siku ya pili akatapika, hata uji hautaki. Nikadhani amoksilini imemkataa, mpaka nilipotandika kitanda nikakuta vidonge vya kifurushi chini ya mto.

"Mama, unameza na hivi?"

"Viwili vya hapa, viwili vya kule. Kila kimoja kina kazi yake."

Nilimpandisha bodaboda kurudi zahanati, nikafoka njia nzima. Nesi alimwamkia, akasoma yale maandishi madogo ya kwenye pakiti ambayo mimi, msomi wa nyumba, sikuyaangalia.

"Mama, hii na hii ni dawa moja, parasetamo. Na amoksilini inapatana vizuri. Ubaya ni kuizidisha hiyo parasetamo; inaharibu ini, na unaweza usijue mapema."

Tukapelekwa hospitali, akapimwa damu, akalazwa. Nilikaa kando yake nikiogopa, hasira zote zimeniisha. Mungu alisaidia, ini lilikuwa zima. Amoksilini aliimeza mpaka dozi ikaisha.

Tulipofika nyumbani nilivikusanya vidonge vya Kenya vyote, nikamwambia hatavimeza tena. Mama akageukia ukutani.

"Haya. Na mdogo wangu umeniondolea."

Nilitoka nje nikampigia mama mdogo, nikamweleza yote. Alilia, akajilaumu, nami nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyekuwa na macho ya kusoma. Kisha akauliza:

"Sasa nimtumie dawa gani?"

"Usitume dawa, mama. Njoo mwenyewe, hata kwa kubebwa."