Maji ya Bondeni Ndani ya Tanki la Mvua

Nyumba tunayokaa hapa Nyamiaga, wilayani Ngara, ina kibao cha kijani karibu na mlango. Kinasema hii ni nyumba isiyoharibu mazingira. Wageni wakija, baba mkwe huwasimamisha wakisome. Hawaelezi jinsi nilivyolijaza tanki.

Mradi ulijenga nyumba kumi na mbili hapa mteremkoni. Matofali yake ni ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine. Hayakuchomwa, kwa hiyo hayakula kuni. Juu kuna sola, nyuma kuna simtanki la kukinga mvua. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ulikuwa na gata, ule mfereji wa bati unaokusanya maji ya paa. Fundi aliliweka upande wa mbele, unaoonekana kutoka barabarani. Tanki liko nyuma. Akasema atarudi kumalizia, akapotea. Masika yote maji yalimwagika uani nikiyatazama, kisha nashuka bondeni, mtoto mgongoni, narudi na dumu kichwani.

Tukaambiwa mkaguzi wa cheti cha mazingira anakuja. Angekagua nyumba yetu tu, ya kwanza kutoka barabarani. Ikipita, zote zimepita. Na zikipita, fundi hana tena sababu ya kurudi. Hilo nililielewa mapema kuliko wote.

Siku moja kabla, baba mkwe aliniita.

"Mama, kesho tuna mgeni. Tanki halina kitu."

"Halijawahi kuwa na kitu, baba."

"Ndiyo maana nakuita. Mgeni afungue bomba nyumbani kwangu akute pakavu, uso nitauweka wapi? Jaza hata nusu."

Kwetu mkamwana habishani na baba mkwe. Nilikwenda bondeni safari tisa. Kila nikirudi nilisimama juu ya kinu nilichokipindua, nikamimina maji ya bondeni ndani ya tanki la mvua. Safari ya sita jirani alinichungulia.

"Dada, leo mvua inapanda kilima?"

Nikamimina dumu, nikashuka tena. Ningefungua mdomo, ningetukana.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye buti. Aligonga kuta, akafungua madirisha, akaitazama sola, kila mahali akiweka alama ya vema. Tulipofika nyuma, baba mkwe akasema, "Hapa mvua tunashukuru, hatujambo."

Mkaguzi akakinga kikombe bombani. Yakatoka maji mekundu, na ndani yake kiluwiluwi kinapiga mkia.

"Mzee," akasema taratibu, "mvua ya Ngara inanyesha na vyura?"

Baba mkwe akanitazama. Tangu niolewe hakuwahi kunitazama akiomba kitu. Ningeweza kusema mfuniko ulikuwa wazi, basi, yakaisha. Mtoto alikuwa mgongoni, na shingo ilikuwa bado inaniuma.

"Hayo ni ya bondeni, mama," nikasema. "Nimeyabeba mimi jana. Mvua haijawahi kuingia humo. Gata liko kule mbele."

Baba mkwe akageuka, akaingia migombani. Mkaguzi akaikunja karatasi bila kutia sahihi.

Majirani walisema nimewanyima cheti kwa mdomo wangu. Hao niliwamudu. Kilichonichoma ni asubuhi. Nilikuwa napiga goti, "Shikamoo, baba," naye anapita kama aliyesikia kuku. Wiki zikaenda hivyo. Mwishowe nikaacha. Nilikasirika, lakini sikuona nilichokosa, na mpaka leo sikioni.

Kwa kuwa cheti kilikwama, fundi alirudi kabla ya vuli, kanuna, akafunga gata la nyuma na bomba la kushushia maji tankini. Mkaguzi naye akaja tena, akatia sahihi.

Mvua ya kwanza ilinyesha asubuhi. Tanki lilianza kuunguruma kwa ndani. Baba mkwe alitoka na kikombe, akafungua bomba, akayaangalia maji kwenye mwanga, akanywa yote. Nilikuwa nimesimama na dumu nikingoja aondoke.

"Marahaba," akasema.

Sikuwa nimemwamkia. Nilisogeza dumu chini ya bomba.