Jicho Moja Kabla ya Mawili

Mikono ya mtani wangu haikutetemeka kamwe, na hilo ndilo jambo la kwanza nililomwonea wivu. Alikishika kiinitete cha chura, kitu kidogo kama punje ya uwele, kwa ncha za koleo, akakivua utando wake kama mtu anayemenya karanga mbichi, huku akinisimulia vituko vya mchumba wa dada yake. Mimi nilibana pumzi, na bado nilipasua vingi kuliko nilivyovua.

Tulihitimu pamoja chuo kikuu, somo la zoolojia, wakati serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi. Soko huria, tuliambiwa. Kila mtu ajitafutie. Yeye alikuwa binti wa wakulima wa milimani, Msagara, mwimbaji wa kwaya ya Kianglikana. Mimi babu yangu aliletwa Kilosa na reli kutoka Tabora. Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu zama za misafara, kwa hiyo tangu wiki ya kwanza chuoni msichana huyo alikula nusu ya chapati yangu bila kuomba. Ukikasirika, umeharibu utani. Niliwahi kumuuliza bibi yangu ni nani aliyepanga kwamba mtu anyang'anywe kitu chake kisha acheke. Akasema maswali ya namna hiyo ndiyo yanayowachelewesha watu kuoa.

Aliyetupa kazi ni mwalimu wetu wa chuo, mama mkavu wa maneno aliyekuwa akichunguza jinsi ubongo na macho ya chura yanavyoanza. Vyura na mayai yao tulivitoa Kilosa, kwenye birika la korona, kile kiwanda cha kusindika mkonge cha shamba lililokuwa la umma na sasa likisubiri mnunuzi. Mashine zilikwisha kung'olewa, birika likajaa maji ya mvua na vyura wenye kucha. Tulibeba ndoo hadi Mikumi, ambako mwalimu alikodi chumba cha nyumba ya wageni kando ya barabara kuu kwa sababu kilikuwa na friji. Siku ya kwanza alituambia bila kuzunguka kwamba maabara anayoshirikiana nayo Ulaya ina nafasi moja ya masomo.

"Mmoja wenu," alisema, akaenda kunawa mikono.

Kazi yenyewe naweza kuieleza kwa maneno machache. Kila seli ya kiinitete ina jeni zilezile, za kucha na za jicho pia. Swali ni jeni ipi inafanya kazi wapi, na inaanza lini. Tulikuwa na dawa ya kunasa alama za jeni moja inayohusika na macho. Pale ilipokuwa ikifanya kazi, ilijitokeza rangi ya zambarau. Pale ilipolala, kiinitete kilibaki cheupe kama ubwabwa.

Viinitete vikubwa vilitutii. Vilitoka na mabaka mawili ya zambarau, moja kila upande wa kichwa. Kisha tukavitia rangi vile vichanga zaidi, ambavyo vichwa vyao bado ni bamba tu ambalo halijakunjika. Mtani akainama kwenye hadubini. Kisha akanipisha. Niliona mkanda mmoja wa zambarau umekatiza mbele ya bamba, kutoka upande hadi upande, bila kukatika.

"Rangi imevuja," nikasema. "Macho ni mawili."

"Kwa aliyekomaa. Huyu labda anaanza na moja."

"Labda."

"Mtani, usione vibaya. Nyie Wanyamwezi mlizoea kubeba mizigo ya watu. Kutazama kilichomo hamkufundishwa."

Mwalimu alicheka puani, akaendelea kuandika lebo. Kicheko kile kilinichoma kuliko utani wenyewe. Nikasema sitakubali mpaka tufanye ulinganisho: viinitete vya umri uleule, vipitie hatua zote zilezile, ila vipewe dawa iliyogeuzwa ambayo haiwezi kunasa chochote. Navyo vikitoka na mkanda, basi ni uvujaji. Mwalimu akasema hilo ni sawa, nilifanye mwenyewe. Nililifanya kwa uangalifu ambao sijawahi kuupa kitu kingine. Mikono yangu siku ile haikutetemeka.

Vilitoka vyeupe vyote.

Nilivigeuza kimoja kimoja chini ya hadubini nikitafuta hata kivuli cha zambarau. Kisha mtani akavitia rangi vile vya umri wa katikati, na kila kitu kikawa wazi: mkanda ule ulififia katikati, ukawa mwembamba, ukakatika, ukabaki vipande viwili vinavyoachana. Mwalimu alitueleza kwamba tishu iliyo chini ya bamba hutuma ujumbe kwa seli za katikati, kuziambia kwamba hapo pasiwe jicho. Macho yangu mwenyewe yaligawanywa hivyo tumboni mwa mama. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikuwa namtazama mtani akisuuza vichupa na kuimba sauti ya pili ya tenzi, nikawaza kwamba shaka yangu ndiyo iliyomthibitisha yeye.

Jibu la ile nafasi tulilipata asubuhi, uani, kwenye chai ya maandazi, malori yakipita kuelekea Iringa.

"Wewe unauliza vizuri," mwalimu aliniambia. "Mwenzako ameona. Nafasi ni yake."

Mtani akanyoosha mkono, akachukua andazi langu, akalimega. "Nimekunyang'anya tena," akasema. Nikacheka, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

Aliagwa Kilosa, nyumbani kwa baba yake mdogo, baada ya ibada ya Jumapili. Sufuria za pilau zilikuwa bado mekoni na pikapu ya kumpeleka Dumila kupanda basi ilikwisha kuwashwa. Bibi yangu alifika na kanga mpya. Mtani akapiga goti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nasikia unakwenda Ulaya. Si hapo tu? Hata baiskeli ingekufikisha."

Watu wakaangua kicheko. Ulaya yetu ni kata ya wakulima wa mahindi hapo hapo Kilosa, na siku ya gulio watu huenda kwa miguu. Kisha bibi akanisukuma mgongoni. Msafiri haondoki hivi hivi kama ana mtani. Mtani huzuia mzigo mpaka akombolewe. Nikaenda kwenye pikapu, nikashusha begi lake, nikalikalia.

"Kuku," alipendekeza bibi.

"Soda kreti nzima," akadakia mwingine.

"Sitaki kuku," nikasema. "Nataka aseme hapa mbele ya watu ni nani aliyefanya ulinganisho."

Nilisema kwa sauti ya utani. Dereva alipiga honi. Nilihisi kufuli la begi chini ya paja langu na nikajua kwamba nikijibiwa vibaya sitainuka.

Mtani alinitazama kama alivyokuwa akitazama bamba la kiinitete. Akapanda kwenye ngazi ya baraza.

"Ndugu zangu, sikilizeni," akasema. "Mimi niliona, lakini nisingeaminiwa. Aliyenifanya niaminiwe ni huyu Mnyamwezi hapa. Nafasi hii nusu yake. Ila mnajua wenyewe, Mnyamwezi ukimpa nusu ya mzigo, atabeba wote."

Uwanja mzima ukalipuka. Bibi alipiga vigelegele, baba yake mdogo akafuta machozi ya kicheko. Kila mtu alisikia maneno niliyoyataka, na hakuna aliyeyachukua isipokuwa kama sehemu ya mchezo. Nikamtafuta usoni nijue alimaanisha au la. Alikuwa anacheka kama wengine.

Niliinuka, nikalibeba begi hadi kwenye pikapu. Lilikuwa zito. Watu wakashangilia zaidi.

Tangu hapo nimeyarudia maneno yale mara nyingi, nikiyageuza kama vile viinitete vyeupe. Ningeweza kuamini kama ningekuwa na kitu cha kulinganisha nacho, mara moja tu, maneno yake akiwa hatanii. Sikumbuki hata siku moja.