Kishungi Cheupe cha Seremala

Jumba la sinema alilolitumikia mzee yule tangu ujanani siku hizi ni ghala la magodoro. Filamu zilichomwa moto. Leo kila mtu anatazama picha kwenye simu yake, peke yake, hata kucheka anacheka kwa vidole. Mzee alibakiwa na mikono inayojua kukata na kuunga utepe wa filamu, na kishungi cheupe cha nywele juu ya paji la uso, alichozaliwa nacho.

Seremala wa ng'ambo ya barabara anacho kama hicho, mahali pale pale. Mtaa ulinong'ona kwamba wale wawili ni wa baba mmoja. Mama mzazi wa mzee aliingia kaburini akiamini hivyo.

Kwa hiyo mjukuu wa mzee, msichana anayesomea hesabu chuo kikuu, alipoomba mate ya babu yake na ya seremala apime vinasaba, mzee alitema kabla hajamaliza kuelezwa; seremala alitoa yake akidhani ni zoezi la chuo tu.

"Babu, mtu anapomrithisha mtoto, nyuzi za vinasaba alizopata kwa baba na kwa mama hukatwa zikaungwa upya."

"Mkato unaangukia wapi?"

"Popote. Ni bahati tu."

"Basi kipande chenye kishungi kinazidi kufupika kila kizazi."

"Hapo hapo! Mkiwa na kipande kirefu kinachofanana, asili yenu ya pamoja ni ya juzi. Kikiwa kifupi, ni ya zamani mno."

Siku za kungoja, chai ilimpolea kikombeni. Alikaa dirishani akimchungulia seremala anavyokunja shingo, anavyokohoa. Alitaka jina la baba lisafishwe. Alitaka pia ndugu, maana alizaliwa peke yake na amezeeka peke yake.

"Kifupi, babu," mjukuu alisema. "Kama ukucha kwenye filamu nzima. Hesabu inakisia vizazi hamsini, huenda vikapungua au kuzidi. Baba yako hayumo."

Mzee akavuka barabara.

"We seremala, sisi si ndugu."

"Afadhali! Ningerithi mdomo wako huo. Nani kasema ni ndugu?"

"Mtaa mzima. Hata mama."

Seremala alisimamisha randa. Kumbe uvumi ulipita masikio yote isipokuwa yake.

"Ndiyo maana mama yako hakuwa akiitikia salamu zangu," alisema taratibu, akipangusa vumbi la mbao kwenye benchi ili mzee akae. "Miaka yote nilidhani anachukia kelele za randa."